Gitaa Lililopakwa Wanja

Mama mdogo haamini kuwa kuna ugonjwa wa kufikiri sana. Kwake kuna kufikiri na kuna kuchelewa, na mimi, anasema, nachelewa tu, ila nachelewa kwa shahada.

Shahada yenyewe ni ya takwimu. Nilirudi nayo nyumbani Kikwajuni nikakaa kusubiri kazi, na kazi nayo ikakaa mahali fulani kunisubiri mimi, hakuna aliyemkimbilia mwenzake. Siku hizohizo mpiga fidla wa mama mdogo aliolewa, akahamia Pemba. Mama mdogo ana kikundi cha taarabu cha akina mama kinachopiga harusini, na yeye ndiye mwimbaji. Fidla ndiyo iliyokuwa ikilia nyuma ya sauti yake. Akimaliza ubeti, fidla hulipokea neno la mwisho, huliteremsha polepole kama mtu anayeshuka ngazi na huzuni yake, kisha hulipandisha tena mpaka pale lilipotoka. Hapo ndipo wanawake huinuka kwenye viti, fedha mkononi, wakaja wakicheza kumtunza.

"Fidla sina tena," aliniambia, "lakini nna binti wa dada yangu na lile debe lake la umeme. Linaweza kulia?"

Nikasema linaweza. Nikaanza kueleza kwa nini linaweza, na katika hali gani huenda lisiweze. Hakungoja nimalize.

"Basi linalia. Njoo mazoezini."

Gitaa nililipata kwa shemeji yangu, aliyekuwa akipiga kwenye hoteli moja Bwejuu mpaka bendi yao ilipovunjika. Lilikuwa limekaa miaka kwenye upepo wa chumvi, na kila chuma chake kilikuwa na madoa ya kutu. Lakini lina mkono. Mkono huo ni fimbo fupi ya chuma iliyochomekwa kwenye daraja, na daraja ni kile kipande kinachozishika nyuzi upande wa tumboni. Magitaa mengine daraja lake limekazwa moja kwa moja. La kwangu linaelea. Mbele linavutwa na nyuzi sita, nyuma linavutwa na springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa, na pande hizo mbili zikivutana sawasawa, daraja hutulia katikati. Ukiusukuma mkono chini, nyuzi hulegea na sauti huteremka. Ukiuachia, sauti hupanda ikarudi pale pale ilipokuwa.

Ikipenda.

Kwa mtu wa tabia yangu, chombo hiki ni adhabu. Ukikaza uzi mmoja, daraja linavutwa kidogo mbele, na zile tano nyingine zinalegea bila ya kuguswa. Ukizirekebisha hizo, ule wa kwanza unapotea. Ni kama kugawa biriani kwenye nyumba yenye mawifi: hakuna sahani unayoweza kuigusa peke yake.

Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Jang'ombe. Mama mdogo alimaliza ubeti, nikaupokea, nikausukuma mkono, gitaa likalia hasa. Wanawake wakainuka. Kisha nikauachia mkono, na sauti ikarudi juu kuliko ilikotoka. Kinanda kilikuwa kwake, mama mdogo kwake, mimi kwangu. Wale wanawake walikuwa wamefika katikati ya ukumbi, mikono juu, noti zinapepea. Walisimama. Wakatazamana. Mmoja akajifanya amekumbuka kitu kwenye mkoba wake, akarudi kukaa, na wengine wakamfuata.

Katika taarabu hakuna hukumu kubwa kuliko hiyo. Mtu hakuzomei. Anarudi tu na fedha yake.

Mama mdogo hakugomba. Tulipokuwa tunakunja nyaya aliniuliza, kwa upole uliozidi, "Kile kilio, kiliishia wapi?"

"Kilikwama, mama mdogo. Nadhani ni msuguano. Au springi. Au huenda ni—"

"Mwanangu, mimi nataka kilio kinachorudi nyumbani. Umenifahamu? Kwenda chini, kila mtu anakwenda. Harusi ya Kiembe Samaki, kisiporudi, nitakupa rika, na gitaa tutaliweka kwenye kabati na sahani za wageni."

Rika ni lile tari dogo lenye vibati vinavyolia. Ni ala ya heshima kwa anayeijua. Lakini mpiga ngoma ya dumbaki, jirani yetu mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alimalizia kwa sauti ya kunong'ona ambayo kila mtu aliisikia: "Na hilo rika nalo atalifikiria mpaka harusi iishe."

Nilicheka nao. Nikaenda nyumbani nikalala chali nikitazama feni. Kazi sikuwa nayo. Mchumba sikuwa naye, na akina mama wa mtaani walikuwa wakinikumbusha wakidhani nimesahau. Kitu kimoja tu nilichokuwa nikikifanya mbele ya watu kwa mikono yangu mwenyewe kilikuwa kile kilio, na kilikuwa hakirudi.

Basi nikaanza kulitengeneza gitaa, kwa namna ninayofanya kila jambo: kwanza nikaliogopa kwa wiki nzima. Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu. Nilitazama wanaume wa nchi za mbali wakifungua magitaa yao wakizungumza kwa utulivu, na kila mmoja alimpinga mwenzake kwa utulivu huohuo. Mmoja alisema chomeka kipande cha mbao nyuma ya daraja lisielee tena, matatizo yote yataisha. Ni kweli, yangeisha, na kilio kingeisha pamoja nayo. Nikakaa barazani na kile kipande cha mbao mkononi kama anayeamua kuhusu talaka. Mwishowe nikakitupa.

Nilifungua mgongo. Springi zilikuwa na kutu, nikazisugua kwa msasa laini na kitambaa. Ncha mbili ambazo daraja linaegemea zilikuwa zimefanya ukoko wa chumvi, nikazisafisha. Nilitia nyuzi mpya, na kila moja nikaivuta kwa vidole, nikailinganisha, nikaivuta tena, mpaka ikaacha kulegea, kwa sababu uzi mpya ni kama mgeni, lazima akae kwanza ndipo umjue. Kisha skrubu zinazokaza springi: robo mzunguko, linganisha nyuzi zote, tazama daraja limeinama wapi, robo nyingine, linganisha tena. Mama alikuwa jikoni akinisikia nikipiga uzi uleule tangu asubuhi.

"We mtoto!"

"Naam, mama."

"Huo wimbo hauna sehemu ya pili?"

"Nalinganisha, mama."

"Mimi nimelinganisha ndoa yangu na baba yako kwa muda mfupi kuliko huo."

Jioni moja daraja likatulia sawa, halikuinama mbele wala nyuma. Nikausukuma mkono, nikauachia. Sauti ikarudi, ila si yote, na upande wa juu wa shingo nikasikia mlio mdogo: tik. Hapo ndipo ulipokuwa mgogoro wa Jang'ombe. Karibu na vigingi vya kukazia kuna kijipande cheupe, tunakiita kimfupa, chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita. Nyuzi zilikuwa zinabanwa humo. Mkono ukisukumwa, uzi unapita kuelekea vigingini. Mkono ukiachiwa, uzi unang'ang'ania, haurudi wote, unabaki umekazika, na sauti inapita juu.

Watu wa kwenye simu walisema hapo hupakwa grisi maalumu. Nilizunguka soko zima la Darajani kuitafuta. Muuza vifaa vya umeme alinipa grisi ya feni, muuza baiskeli akanipa ya mnyororo, na mwingine akaniuliza gitaa langu lina silinda ngapi. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikaiona chupa ya mafuta ya nazi dirishani.

Mama huyapika mwenyewe. Hukuna nazi, hukamua tui, huliacha juu ya moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na nyumba nzima inukie. Tunayapaka nywele, mwili, bawaba za milango, na mtoto akijikwaa, goti. Nikachovya kijiti cha kiberiti, nikapaka mifereji. Kwa kuwa mimi ni mtu wa tahadhari, nikapaka mara ya pili. Nikapaka na zile ncha za daraja. Nikausukuma mkono mpaka nyuzi zikaning'inia, nikauachia.

Ikarudi. Yote. Pale pale.

Mama alikuja mlangoni, mikono ina unga. "Hilo sasa limelia," alisema. Kisha akaiona chupa. "Umepaka mafuta yangu kwenye ubao?"

"Kidogo tu, mama."

"Basi na wewe jipake, uso huo umepauka."

Nilijaribu asubuhi, nilijaribu mchana wa jua kali, nilijaribu mvua ikinyesha. Ikarudi kila mara. Katika kichwa changu nilikuwa nimekwisha kuona namna zote ambazo Kiembe Samaki ingeweza kuharibika: uzi kukatika, umeme kuzimika, mimi kuzimia, bibi harusi kuzimia na mimi nikalaumiwa. Nilikuwa na jibu la kila moja. Nilibeba nyuzi za akiba, bisibisi, na limau la kunusa.

Tulifika ukumbini alasiri. Jambo la kwanza nililoliona ni rika. Mama mdogo alikuwa amelileta, akaliweka juu ya kiti kitupu ubavuni mwangu, limeelekezwa kwangu kama jamaa aliyekuja kunichumbia. Jambo la pili lilikuwa baridi. Wenye harusi walikuwa wamewasha viyoyozi tangu mchana ili nyuso zilizopambwa kwa gharama zisije zikatiririka. Wanawake waliingia na mabaibui, wakayavua, wakang'aa, kisha wakayavaa tena kimyakimya mabegani.

"Hapa wameoa au wanahifadhi samaki?" aliuliza mpiga dumbaki akipuliza vidole vyake.

Tukaanza kwa wimbo wa kuwakaribisha wageni. Mama mdogo akaimba ubeti, akaniachia. Nikausukuma mkono, gitaa likalia, nikaona viti vinasogea, watu wanainuka. Nikauachia.

Tik.

Ikarudi juu. Si sana, lakini katika muziki kukosea kidogo ni kama kutoboka kidogo kwa mtumbwi. Mama mdogo aliendelea kuimba akitabasamu, ila shingo yake iligeuka, na kabla ya ubeti wa mwisho akachomeka maneno ambayo hayakuwamo kwenye wimbo: yeye alimtuma mtoto dukani, mtoto akafika, akasahau njia ya kurudi. Wanawake wakacheka na kupiga makofi, wakidhani ni fumbo la mume wa mtu. Wakaketi. Mpiga dumbaki alikuwa akicheka mpaka anakosa pigo.

Wimbo ulipokwisha nilikuwa nimekwisha kutunga sababu chungu nzima. Springi. Nyuzi. Husuda. Nikakigusa kile kimfupa kwa ncha ya kidole, na kidole kikatoka na kitu cheupe, kizito, kama nta.

Nikakinusa. Jikoni kwetu.

Kila kipupwe, asubuhi zikipoa, chupa ya mama huganda ikawa nyeupe, na yeye huiweka barazani kwenye jua mpaka iyeyuke. Nimeiona tangu nizaliwe. Nimetumwa kuitoa nje, nimetumwa kuiingiza ndani. Nilikuwa nimewaza mvua, jua, umeme na kuzimia, lakini baridi sikuiwaza, kwa sababu kwetu baridi ni jambo la asubuhi za kipupwe, na si kitu ambacho watu wangelipa fedha kuletewa.

"Mama mdogo," nilinong'ona, "mafuta yameganda."

"Mafuta gani?"

"Ya mama. Kwenye gitaa."

Alinitazama. Akalitazama gitaa. Akalitazama rika, na nikaona anafanya hesabu. Wimbo uliofuata ulikuwa wa kumwingiza bibi harusi, na huo ndio uliokuwa na kilio kirefu kuliko vyote. Watu husahau wali na keki, lakini wimbo wa kuingia bibi harusi hawausahau, hasa ukiharibika.

"Tuombe wazime viyoyozi," nilisema.

Mpiga dumbaki akaugeukia ukumbi, zile kope za bandia, ule unga wa dhahabu mashavuni. "Kaombe wewe," alisema. "Sisi tutakuzika."

"Basi ingebidi yayeyushwe yafutwe, halafu pawekwe kitu kikavu, wengi hutumia penseli, lakini penseli hapa hakuna isipokuwa ya nyusi, na hiyo ina nta, kwa hiyo itaganda vilevile, ila kama—"

"Kavu," alisema mama mdogo. "Kavu vipi?"

"Kama vumbi. Laini. Jeusi, la penseli ni jeusi, ingawa weusi si sharti."

Akaninyanyua kwa mkono, mimi na gitaa langu, akatuingiza chumba cha pembeni ambamo bibi harusi alikuwa akimaliziwa. Bibi harusi alikuwa ameketi bila ya kutikisika, macho yamefumbwa, na mpambaji amemwinamia na kijiti.

"Niazime draya yako," mama mdogo alimwambia mpambaji, "na wanja wa manga."

"Nani kaharibika?"

"Gitaa."

Mpambaji alikuwa mtu wa kazi, hakuuliza zaidi. Alilitazama gitaa namna anavyotazama nyuso, akaliwekea kanga mezani. Nikaishika ile mashine ya kukaushia nywele, nikakipuliza kimfupa hewa ya moto, na mafuta yakayeyuka, harufu ya nazi ikajaa chumba. Nikayafuta kwa pamba, mifereji yote, kisha zile ncha za daraja. Ukafika wakati wa wanja, nikasita. Wanja wa manga ni jiwe lililosagwa, sikupata kusoma popote kwamba mtu ameutia kwenye gitaa, na huenda kulikuwa na sababu, huenda chembe zake zingeukwaruza uzi, au—

"Kavu, laini, jeusi," alisema mama mdogo. "Unataka nini tena, mahari?"

Mpambaji akanipokonya kijiti. Akalipaka gitaa wanja mwenyewe, mfereji kwa mfereji, mkono hautetemeki, akapuliza uliozidi. Bibi harusi akafumbua jicho moja.

"Huyo naye anaolewa?" aliuliza bila ya kusogeza midomo.

"Anaolewa na huyu," alisema mama mdogo, akinionyesha mimi. "Usicheke, utaharibu uso."

Nikarudi kwenye kiti, nikalinganisha nyuzi haraka. Ziliitika bila ya ule mng'ang'anio. Sikupata nafasi ya kuujaribu mkono, kwa sababu milango ilifunguliwa na vigelegele vikapanda.

Bibi harusi aliingia hatua kwa hatua, macho chini, na mama mdogo akamwimbia kama anayemkabidhi kitu cha thamani. Kinanda kikamfuata. Dumbaki ikatulia. Mama mdogo akalivuta neno la mwisho la ubeti, akaliacha hewani, akageuza shingo kidogo upande wangu. Najua alikuwa akisubiri nini. Hata mimi nilikuwa nikisubiri hichohicho.

Nikausukuma mkono. Sauti ikateremka, ikateremka, ikafika pale ambapo fidla ilikuwa ikifika. Nikauacha urudi polepole, na sikuwaza kitu, si kwa ushujaa, ni kwa kuwa mawazo yote yalikuwa yamegombania mlango mmoja wakati mmoja.

Ikarudi.

Uzi wa chini kabisa ulikuwa juu kwa unywele mmoja. Ninajua, na ninausikia mpaka leo. Lakini hakuna mwingine aliyeusikia, kwa maana viti vilikuwa vikikwaruza sakafu ukumbi mzima. Walikuja, mikono juu, mabega yanacheza, wakamtunza mama mdogo mkononi na kichwani mpaka noti zikaanguka. Bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa amejifunika mabaibui mawili kwa baridi alipita mbele yake, akaja kwangu, akaichomeka noti yake katikati ya vigingi vya gitaa, juu kidogo ya ule wanja. Akalikodolea macho.

"Mashallah," alisema. "Limepambwa."

Shughuli ilipokwisha tulikuwa nje tukipakia vyombo, na joto la Kiembe Samaki lilitupokea kama ndugu. Nilingoja mama mdogo aseme kitu. Alikunja kanga, akahesabu nyaya, akamgombeza mtu kwenye simu. Mwisho akaja na lile rika, akaniwekea mikononi.

Nikaanza kuwaza: labda ameusikia ule uzi wa chini. Ana masikio. Labda ni wanja, amefedheheka mbele ya mpambaji. Labda alikuwa amekwisha kuamua tangu wimbo wa kwanza, na vingine vyote vilikuwa—

"Mama mdogo, hili ni la..."

Alikuwa amekwisha kuingia kwenye gari. Akachungulia dirishani.

"La kubeba," alisema. "Mimi nimechoka. Ijumaa mazoezi, uje na gitaa, na umwambie dada yangu mafuta yake ni ya nywele."

Mpiga dumbaki akapita na ngoma yake kwapani, akanitazama nilivyosimama, gitaa begani, rika mikononi, bado nalipima lile neno "kubeba".

"Panda gari, mwanangu," alisema. "Hilo utalifikiria njiani."